Hisa zinashuka na simu haziishi kuita: tuzungumze kabla hujauza (Nyanda za Juu Kusini)

Mwalimu wa Uyole (mwanzisha uzi)

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe. Wa Rungwe, Kyela na Mbeya mjini nawasalimu pia, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mwalimu, naishi Uyole, kwetu ni Mufindi. Kikundi chetu cha akiba kina watu 23, wengi walimu na wauguzi, na karibu nusu yetu tuna hisa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wiki mbili hizi bei za baadhi ya hisa zetu zimekuwa zikirudi nyuma, shilingi 10 leo, 15 kesho. Jana saa nne usiku mama mmoja ninayemheshimu sana alinipigia, ananiuliza auze zote asubuhi au asubiri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Baada ya simu ile nilikaa kitandani nikaona nikimjibu mmoja mmoja nitajibu hadi Krismasi, na kuna wengine hawana wa kumpigia. Ndiyo maana nimefungua uzi huu: kushuka huku kunaweza kuwa kwa muda tu.

Naanza na yaliyonikuta mimi. Mwaka 2015 nilinunua hisa za kampuni moja, jina nalihifadhi, kwa shilingi 2,400,000. Zilikuwa fedha za mahindi tuliyouza pamoja na akiba yangu yote. Pembeni sikubakiza hata laki. Mwaka uliofuata bei ikaanza kuteremka, na ilipofika Januari 2018 hisa zile zilikuwa na thamani ya 1,050,000 hivi. Januari hiyohiyo mdogo wangu anataka ada, mama amelazwa, na mahindi shambani yanasubiri mbolea ya kukuzia. Nikauza zote kwa bei niliyopewa. Kampuni ile haikufa. Miaka mitatu baadaye bei yake ilipita ile niliyonunulia.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaambia watu kwamba soko limenila. Leo nikilitazama jambo lile naona kosa langu lilifanyika 2015, siku niliyonunua, pale nilipoingiza fedha ya ada na ya mbolea kwenye kitu ambacho bei yake haijali kalenda yangu.

Wa Mufindi mtanielewa haraka nikisema habari za miti. Marehemu baba alipanda ekari sita za misindano. Mti wa mbao nzuri unataka miaka 15 na zaidi. Katikati ya miaka hiyo bei ya mbao ilipanda na kushuka mara nyingi, na baba hakupoteza usingizi hata siku moja, kwa sababu hakuna mtu aliyepita kijijini kila asubuhi akitangaza kwamba shamba la mzee leo limepungua laki mbili. Majirani walioumia ni wale waliouza miti ikiwa na miaka sita au saba, bado myembamba, kwa ajili ya ada au msiba. Mnunuzi akishajua una shida anakupa bei ya shida. Miti ilikuwa ileile na udongo uleule. Baba alikuwa na viazi na ng'ombe wawili wa maziwa vya kumvusha, wao hawakuwa navyo.

Hisa ni shamba la miti ambalo bei yake inatangazwa kila siku ya kazi, tena siku hizi iko kwenye simu. Jambo hilo ni zuri na ni mtihani vilevile.

Sasa mfano ulio wazi kwa kila mtu. Benki ya CRDB iliingia sokoni 2009, hisa moja ikiuzwa shilingi 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa 350. Kisha mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ikaongezeka kwenye mabenki mengi nchini, faida ya CRDB ikaporomoka hadi takribani bilioni 36 mwaka 2017, na mwishoni mwa 2019 hisa yake ilikuwa chini ya shilingi 100. Aliyeuza wakati ule aliuza chini hata ya bei ya 2009. Lakini tazameni gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, kwa hisa moja: la mwaka 2017 shilingi 5, la 2018 shilingi 8, la 2019 shilingi 17, la 2020 shilingi 22, la 2021 shilingi 36, la 2022 shilingi 45, la 2023 shilingi 50. Faida ya 2019 ilikuwa imesharudi hadi bilioni 120 hivi huku bei ingali kitandani. Mwisho wa 2024 hisa hiyo ilikuwa imevuka 600.

Sisemi kila kampuni itafanya hivyo, na sisemi mkanunue CRDB. Ninachowaonyesha ni kwamba bei na kampuni vinaweza kwenda njia mbili tofauti kwa miaka, na anayetazama bei peke yake hawezi kuliona hilo.

Karibuni. Naomba tusibezane, kuna watu humu wana fedha ya maisha yao yote.

---

Mama Isongole

Mwalimu, mimi ndiye niliyekupigia. Sioni aibu kusema, maana najua siko peke yangu.

Nina hisa 1,500. Nilizinunua kidogokidogo kwa fedha ya viazi. Mume wangu alifariki, watoto wawili bado wako shule. Nilichoogopa ni kwamba nikilala niamke nikute imekuwa sifuri. Mtu wa gulio aliniambia "mama toa haraka, wakubwa wameshatoka." Na mwezi ujao nataka mbolea ya viazi, sina pa kuitoa zaidi ya hapo.

Nisaidieni kwa lugha ya kueleweka. Ndaga.

---

Mwalimu wa Uyole

Mama, ahsante kwa kujitokeza. Nitakujibu vizuri, ila ngoja wenye uzoefu kuliko mimi waseme kwanza. Moja tu kwa sasa: maneno ya "wakubwa wameshatoka" muulize aliyeyasema ni mkubwa gani na ameuza hisa ngapi. Sokoni kila anayeuza, upande wa pili kuna aliyenunua.

---

Mbao Mafinga

Mkuu uzi mzuri, ila nina la kusema na naomba lichukuliwe kwa uzito.

Hii lugha ya "kushuka kwa muda" ina hatari. Nani amekuambia ni kwa muda? Japani, kipimo cha soko lao cha Nikkei kilifika kileleni Desemba 1989. Kilipita kilele kile Februari 2024. Miaka 34! Mtu aliyenunua kileleni akiwa na miaka 40 alikuja kuiona bei ile akiwa na 74, kama alijaliwa uhai. Na hapa kwetu, Swissport, kampuni ya kuhudumia ndege viwanjani: kuna wakati hisa ilikuwa zaidi ya 5,000. Mshindani akaingia kwenye huduma zile, hisa ikaanguka chini ya 2,000 na ikabaki huko miaka, corona nayo ikaja kusimamisha ndege. Aliyekuwa anaambiwa "vumilia, itarudi" alivumilia nini?

Mimi nauza mbao. Msitu ukishika moto huuiti "kushuka kwa muda." Tuwafundishe watu kutofautisha, siyo kuwatuliza.

---

Mwalimu wa Uyole

Mbao Mafinga, umenisahihisha na nakubali. Nilitanguliza faraja kabla ya kutenganisha mambo. Wacha nitenganishe.

Ninapoona hisa yangu inashuka najiuliza kwanza: imeshuka peke yake, au zimeshuka pamoja? Zikishuka nyingi kwa wakati mmoja, mara nyingi sababu iko nje ya kampuni: watu wamekimbilia hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), wageni wanaondoa mitaji, au kuna hofu ya jumla. Ikishuka peke yake huku wenzake wakipanda, hapo nakaa macho.

Kisha nachukua taarifa za kampuni. Mabenki yanachapisha hesabu zao kila robo mwaka, ziko magazetini na kwenye tovuti zao, hazihitaji mtu wa kukutafsiria kila mstari. Natazama faida ya robo hii dhidi ya robo kama hii mwaka jana, natazama mikopo chechefu, natazama kama gawio linatoka kwenye faida au wanajikamua. Kwa kampuni ya aina nyingine nauliza: kile kilichokuwa kinaiingizia fedha bado kipo? Mfano wako wa Swissport ndiyo jibu lenyewe. Kampuni ilikuwa na uwanja peke yake, ikaja kugawana. Hapo shamba lenyewe lilikuwa limemegwa, na kungoja bei ya zamani ilikuwa sawa na kungoja mavuno ya ekari sita kutoka kwenye ekari tatu.

Japani nayo ina somo, na si la kuvumilia tu. Bei za 1989 zilikuwa zimepandishwa mno kuliko faida za kampuni zile. Bei uliyoingilia ina neno.

---

Hesabu za Kihesa

Shikamoo wakubwa. Nilikuwa mhasibu, sasa nimestaafu, nipo Iringa. Naongezea takwimu za Marekani kwa kuwa soko lao ni la zamani na kumbukumbu zake ziko wazi.

Oktoba 19, 1987 kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2009 kile cha S&P 500, cha kampuni 500 kubwa, kilipoteza takribani asilimia 57, na kilirudi kileleni 2013. Mwaka 2020, hofu ya corona ilikishusha asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23, na Agosti mwaka huohuo kilikuwa kimesharudi. Anguko lililoanza 1929 lilikuwa baya kuliko yote, Dow ilirudi ilipokuwa mwaka 1954.

Miezi sita, miaka mitano na ushei, miaka 25. Ukiwa katikati ya anguko hakuna anayekuambia uko kwenye lipi. Kwa hiyo swali la "litarudi lini" mimi niliacha kuliuliza. Najiuliza fedha hii nitaihitaji lini.

Na hesabu moja wengi wanaikosea: hisa ikitoka 400 ikaanguka hadi 200 imepoteza asilimia 50, lakini ili irudi 400 inatakiwa ipande asilimia 100. Ndiyo maana ikianza kupanda kwa asilimia 10 mtu anafurahi akidhani ameshafidiwa, kumbe yuko 220.

---

Nilikaa kwa Dalali

Nimefanya kazi kwa dalali wa soko la hisa miaka tisa, sasa nimerudi nyumbani Makambako. Niongee mambo ya utendaji maana ndiko watu wanakoumizwa bila kujua.

Soko letu ni jembamba. Kuna hisa inaweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Katika soko la namna hiyo, mtu mmoja mwenye haraka akitaka kuuza hisa 20,000 anaweza kuishusha bei peke yake, na huko kwenye kampuni hakuna hata mfagizi aliyesikia. Kwa hiyo ukiona bei imeshuka, tazama na idadi ya hisa zilizouzwa. Bei iliyoshushwa na hisa 50 si habari.

Ukitoa oda ya kuuza, andika bei unayoitaka. Ukisema "uza kwa bei yoyote iliyopo" kwenye soko jembamba unamkabidhi mnunuzi kisu. Oda ina muda, na kabla haijapata mnunuzi unaweza kuifuta au kubadili bei. Nimeona watu wanadhani wakishabonyeza kwenye simu imekwisha. Haijaisha mpaka ipate mnunuzi.

Lingine ni gawio. Kampuni ikitangaza gawio, inatangaza na tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Atakayenunua baada ya hapo hapati gawio la mwaka huo, kwa hiyo ni kawaida bei kupungua daftari likishafungwa. Kila mwaka misimu ya Mei na Juni nilikuwa napokea simu za watu wamepaniki, "hisa imeanguka!", kumbe fedha yao iko njiani inaingia benki. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni linakatwa kodi ya zuio asilimia 5 kwa mkazi, mengine ni yako.

Na mama Isongole: hisa yako ni sehemu ya umiliki, imeandikwa kwa jina lako kwenye akaunti yako ya soko. Bei ikishuka, hisa 1,500 zinabaki 1,500. Zinaweza kuwa sifuri kama kampuni imekufa kabisa, na hilo huwa na dalili za muda mrefu kwenye hesabu. Halitokei usiku mmoja ukiwa umelala.

---

Kijana Ipogolo

Wakuu mimi nawaza kinyume. Kama zimeshuka si ndiyo wakati wa kununua? Nina jamaa anatoa mkopo wa haraka, nachukua milioni 1, nanunua sasa, zikipanda narudisha. Mnaonaje?

---

Mbao Mafinga

Mdogo wangu, USIFANYE HIVYO. Huo ni mkopo wa kausha damu. Riba yake inahesabiwa kwa wiki, hisa inahesabiwa kwa miaka. Mwalimu ametueleza hapo juu kwamba alilazimika kuuza kwa sababu ya ada. Wewe unataka kujitengenezea mtu wa kuja mlangoni kila Ijumaa. Bei ikikaa chini miezi miwili tu umeuza kwa hasara na pikipiki imekwenda.

---

Hesabu za Kihesa

Kijana wangu, wazo la kununua zikishuka si baya, ubaya uko kwenye fedha unayotaka kuitumia. Nunua kwa kipato chako, hata kama ni hisa 10.

---

Nesi wa Njombe

Naomba nimwonyeshe Ipogolo ninavyofanya mimi. Kila nikipata ya ziada naweka laki moja kwenye kampuni ileile, bei iwe imepanda au imeshuka. Mara ya kwanza bei ilikuwa 500, nikapata hisa 200. Mara ya pili 400, nikapata 250. Mara ya tatu 250, nikapata 400. (Ada ya dalali naiacha ili hesabu isomeke.) Jumla nimetoa laki tatu nina hisa 850, yaani kila moja imenigharimu kama 353. Aliyenunua zote kwa 500 anangoja irudi 500. Mimi ikifika 360 niko salama.

Ila hii inafaa kama kampuni ni nzima. Kampuni mgonjwa ukiendelea kuiongezea unaongeza mzigo tu. Nilishafanya kosa hilo kwa kampuni moja, nikawa naongeza kila inaposhuka kwa sababu sikutaka kukubali kwamba nilichagua vibaya. Nilisimama nilipojiuliza: leo kama sina hata hisa moja ya hawa, ningenunua? Jibu likaja hapana, nikauza, nikalia, nikaendelea na kazi.

Ya ada ya watoto naiweka kwenye vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji. Ile haina misukosuko ya hisa na ukiomba inatoka ndani ya siku chache za kazi.

---

Mwalimu wa Uyole

Nesi, hapo kwenye ada umegusa ninachotaka kumwambia mama.

Mama Isongole, chukua daftari. Andika fedha zote utakazozihitaji kuanzia sasa mpaka viazi vya msimu ujao viuzwe: mbolea, dawa ya ukungu, ada, sare, na kidogo cha ugonjwa. Huku kwetu miezi inajulikana. Mvua zinaanza Novemba, mbolea inatakiwa kabla yake, Januari shule, na fedha ya mavuno ya mahindi haionekani mpaka Juni au Julai. Kati ya Novemba na Februari karibu kila nyumba huku inatoa na haiingizi. Mtu mwenye hisa bila akiba ya miezi hiyo ndiye anayeuza kwa bei ya shida, mwaka hadi mwaka.

Jumla ikishapatikana, toa kile ulichonacho mkononi. Pengo litakalobaki ndilo la kuuzia hisa. Usiuze kwa sababu ya yule wa gulioni, uza kwa sababu viazi bila mbolea havizai, na shamba lako ndilo linalokulisha. Kuuza sehemu hata kama bei si nzuri si kosa. Zilizobaki, kama kampuni ni nzima, ziache. Na mavuno yakija, kabla hujaongeza hisa hata moja, jaza kwanza akiba ya msimu mmoja.

Mimi nimelifanya hilo tangu 2019. Tangu hapo hisa zangu zimeshuka mara kadhaa, mara moja kwa karibu theluthi. Ziliniuma, sitasema uongo. Lakini Januari ada ililipwa kutoka kwingine, na sikuuza.

Na kitu kimoja kidogo: nimeacha kufungua programu ya hisa kila asubuhi. Naifungua mwisho wa mwezi, na siku kampuni inapotoa hesabu.

---

Mbao Mafinga

Hapa nimekuelewa mwalimu. Ungeanza na hili.

---

Kijana Ipogolo

Nimeacha mkopo. Nitaanza na elfu 50 ya mwezi huu.

---

Mama Isongole

Nimeandika kama ulivyosema, binti yangu wa kidato cha tatu amenisaidia kujumlisha. Pengo ni la mbolea tu, ada ya Januari iko kwenye kikundi. Asubuhi nimempigia dalali, oda ya kuuza hisa 1,500 niliyokuwa nimeiweka kwa hofu ilikuwa bado haijapata mnunuzi, ameifuta. Nimeweka nyingine ya hisa 400, bei nimeitaja mwenyewe, nimeipa wiki mbili. Isipouzwa nitakuwa bado na muda wa kupunguza bei kidogo kabla ya mvua.

Zile 1,100 binti ameandika kwenye ukurasa wake peke yake na jina la kampuni. Robo mwaka ikitoka atanisomea.